Majina ya Herufi Tatu

Jumatatu, 13 Mei 2024

Mvua ya kwanza ya maana tangu Pasaka. Njia yetu ya Munuki imekuwa uji, nikafika kazini Thongpiny viatu mkononi. Bona alikuwa ameshakalia kiti changu. Huyu Bona ni karani wetu wa dirishani, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, na anaamini kiti chenye mgongo mzima ni cha anayefika kwanza.

Naanza kuandika kwa sababu Mama alinipigia jana kutoka Kitale akasema sauti yangu imekuwa ya mtu anayejibu barua za ofisi. Akaniambia niwe naandika kidogo kidogo, na kwa Kiswahili, kisije kikanitoka. Basi: mimi ni Akuac. Nilizaliwa huku, nikalelewa Kitale, nikarudi Juba miaka minne iliyopita na diploma ya kompyuta na Kidinka cha mtoto wa miaka mitano. Kazi yangu ni kutunza tovuti inayoitwa Daftari la Jamaa. Waliopotezana na ndugu zao vitani huandikishwa majina huko waliko, kambini au mijini, ndani na nje ya nchi. Anayetafuta mtu huja dirishani kwetu, karani huandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, mashine inajibu. Yamo majina laki mbili na elfu kumi na mbili.

Jibu la mara nyingi ni "mafi," yaani hakuna. Mwezi wangu wa kwanza hapa neno hilo lilinichekesha, kwa sikio la Kenya. Siku hizi halinichekeshi.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Mawingu siku nzima, umeme wa sola hafifu. Kizza, fundi wetu, anasema betri zimezeeka. Amesema hivyo tangu Januari.

Ijumaa, 17 Mei

Leo amekuja mama mmoja kutoka Rejaf, Ayen Bol. Analima kudra, yaani mlenda, na bamia kwenye shamba la kanisa, na tope lilikuwa limemfika magotini. Zamani alikuwa mkimbizi Uganda, na Kiswahili chake ni cha huko. Kidinka changu kilipokwama baada ya salamu, alinitazama kwa huruma akahamia Kiswahili.

"Mimi nataka karatasi," akasema.

"Karatasi gani, mama?"

"Ya kusema Dau hayuko. Mara mbili mimi imekuja hapa. Mara mbili nyinyi nasema mafi."

Dau ni kaka yake, Dau Bol Kur. Walipotezana Julai ya 2016, risasi zilipolia mjini na kila mtu akakimbilia upande aliokuwa ameelekea. Dau aliacha mke, anaitwa Akur. Miaka minane sasa Akur anaishi na Ayen, wanalima pamoja. Ukoo umechoka kungoja. Wanataka Akur achukuliwe na binamu wa Dau ili azae watoto kwa jina la Dau, kama desturi ilivyo. Akur amekataa kila mwaka. Safari hii amesema neno moja: leteni karatasi ya ofisi inayosema hayupo, na mimi nitaacha kungoja. Wazee watakaa Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na tano.

Niliketi mwenyewe kwenye mashine. Nikaandika Dau Bol Kur. Hakuna. Nikaandika Dau peke yake. Hakuna.

"Usimwandikie hiyo karatasi," Bona akasema bila kugeuka. "Mashine hii haiwajui watu wa majina mafupi."

"Mzee Bona, tafadhali."

"Dunia nzima haina Dau hata mmoja?"

Niliona ananiaibisha mbele ya mgeni. Nikamjibu kwamba huenda makarani wa kambini waliliandika kwa herufi nyingine, naye akainua mabega. Nikachapa barua: tumetafuta, jina hilo halimo. Nikapiga mhuri, nikaweka sahihi. Ayen aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Wewe imefanya vizuri, binti," akasema. Hakuwa na uso wa mtu aliyefanyiwa vizuri.

Jumamosi, 18 Mei

Nguo zimekataa kukauka.

Jumapili, 19 Mei

Kanisani nilikosa utulivu. Mbele yangu alikaa kijana, mwenzake akamwita: Dau, sogea.

Jumatatu, 20 Mei

Bona leo hakugombea kiti. Nilimkuta kwenye kompyuta ya dirishani, miwani puani, anafungua orodha ya kambi moja ya Uganda, ukurasa baada ya ukurasa, kwa macho. Alikuwa ameanza Ijumaa jioni baada ya mimi kuondoka. Saa nne na nusu akaniita.

"Injinia. Njoo usome."

Nikasoma. Dau Bol Kur. Amezaliwa 1989. Ameandikishwa Februari 2022. Anatafuta: mke, Akur Gai. Dada, Ayen Bol. Mara ya mwisho kuonana: Juba, Julai 2016.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Kisha nikafanya jambo la kijinga ambalo kila mtu wa kazi yangu angelifanya: nikanakili jina hilohilo kutoka kwenye kumbukumbu yake ya mashine, nikalibandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna. Mtu yuko mbele yangu kwenye kioo, na mashine inaniambia hayupo.

Kwenye kumbukumbu kuna namba ya simu. Tulipiga mara nne. Haipatikani.

Nilikwenda kwa madam Loise, bosi wetu, Mkenya kutoka Nyeri, mtulivu kiasi kwamba ukimletea habari ya moto atakuuliza kwanza ni chumba gani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Barua iko wapi?"

"Rejaf. Huyo mama hana simu."

"Basi utakwenda. Lakini uende ukiwa na uhakika. Tumeiambia familia hiyo hapana mara tatu. Tukibadili neno, lazima tuweze kueleza kwa nini." Akachukua kalamu. "Na kuna wengine?"

Sikuwa nimewaza hivyo. Nilisimama pale nikitazama mvua inapiga kwenye turubai la jenereta.

Jumanne, 21 Mei

Siku nzima kwenye tatizo. Naandika kwa mpangilio ili kesho nisijidanganye.

Kwanza nilidhani kumbukumbu ya Dau haikuingia kwenye faharasa. Mashine haisomi majina laki mbili kila mara mtu anapouliza. Ina faharasa, kama zile kurasa za mwisho wa kitabu zinazosema neno fulani liko ukurasa fulani. Neno likikosekana kwenye kurasa hizo, mashine inaamini halimo kitabuni. Nikatafuta jina la kambi yake. Kumbukumbu yake ikatoka, ya kumi na tisa kwenye orodha. Kwa hiyo imo. Kambi inaonekana, mtu haonekani.

Pili nikadhani kuna herufi iliyojificha ndani ya jina, nafasi isiyoonekana. Nikalifuta, nikaliandika upya kwa mkono wangu kwenye kumbukumbu ya majaribio. Hakuna.

Tatu nikajaribu majina mengine. Gatkuoth: mia nane. Nyakuon: mia tatu. Mading: elfu moja na zaidi. Ayen: mengi. Nikashusha pumzi. Nikajaribu Bol. Hakuna. Kur. Hakuna. Gai, Lam, Mut. Hakuna, hakuna, hakuna. Herufi nne na kuendelea zinatoka. Herufi tatu hazitoki.

Haiwajui watu wa majina mafupi. Bona aliniambia kwa maneno hayohayo.

Mchana nikampigia Morris, aliyeijenga tovuti hii kabla sijaajiriwa. Sasa anafundisha chuo kimoja Nakuru. Alicheka kunisikia, kisha akaacha kucheka.

"Mashine ya kawaida hupuuza maneno mafupi," akasema. "Inadhani ni takataka, kama vile 'na' au 'ya'. Kiwango chake ni herufi nne. Nilipofika Juba wiki ya kwanza niliona hiyo haitafaa kwa majina ya huko, nikakishusha hadi mbili. Kiko kwenye faili ya mipangilio, mstari mmoja tu. Seva mlihamisha lini?"

"Machi mwaka jana."

"Nani alihamisha?"

"Mimi."

"Na ile faili uliibeba?"

Niliibeba data yote, kumbukumbu kwa kumbukumbu, na nilihesabu mara mbili kuhakikisha hakuna hata moja iliyopotea. Nilijivunia sana. Faili ya mipangilio niliiacha kwenye mashine ya zamani, kwa sababu mashine mpya ilikuwa na yake.

"Akuac," Morris akasema, "nilipaswa kuuandika ule mstari kwenye maelezo. Sikuandika. Niliuacha kichwani mwangu nikapanda nao ndege. Hiyo ni yangu."

Ni mtu mwema. Lakini aliyehama ni mimi.

Jumatano, 22 Mei

Asubuhi nikabadilisha mstari, nne ikawa mbili. Nikazima seva, nikaiwasha. Nikaandika Dau.

Hakuna.

Nilikaa nikakodolea kioo macho kama mpumbavu mpaka nikakumbuka: mipangilio mipya inahusu faharasa itakayoandikwa, si iliyokwisha kuandikwa. Ile ya zamani bado haina majina mafupi. Lazima ijengwe upya, yote, kumbukumbu zote.

Nikaanza saa tatu. Saa sita ikasimama: nafasi kwenye diski imejaa. Nikafuta nakala za zamani, nikaanza tena. Saa tisa mawingu yakafunga, betri zikaishiwa, kila kitu kikazima. Kizza alikuja akatazama betri, akanitazama mimi, hakusema habari ya Januari. Nilimshukuru kwa hilo.

Wakati inajengwa utafutaji haufanyi kazi kabisa. Watu walikuwa kumi na wawili kwenye benchi. Bona aliwahudumia wote kwa kufungua orodha za kambi kwa macho. Sikuwahi kumtazama akifanya kazi. Anamuuliza mtu: mlikuwa mkikaa wapi, mama yako ni wa wapi, mlikimbia kwa njia ipi? Kisha anachagua kambi. Aliwapata wawili.

Nilimuuliza amekuwa akifanya hivyo tangu lini.

"Tangu mashine mpya," akasema. "Lakini kuna mtu anayechukua siku mbili. Siwezi wote."

Alhamisi, 23 Mei

Mvua ilipumzika asubuhi, tukaondoka, mimi na Bona, kila mtu na boda yake. Barabara ya Rejaf ilikuwa na madimbwi ya kina. Mara mbili tulishuka tukatembea na pikipiki zikasukumwa. Bona aliimba nyimbo za kanisa njia nzima. Kumbe alikuwa katekista kule kambini Kakuma. Miaka minne tunagawana kiti kimoja na sikuwa nikilijua hilo.

Tuliwakuta shambani, karibu na mto. Ayen alipotuona alisimama wima na fungu la kudra mkononi. Mwanamke wa pili aliendelea kupalilia mpaka akamaliza tuta lake. Huyo ndiye Akur. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, miaka thelathini na miwili au mitatu, mrefu, kichwa kimenyolewa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya Kidinka usiku kucha, yakayeyuka. Nikasema kwa Kiswahili, Bona akamtafsiria Akur.

"Barua niliyompa Mama Ayen si ya kweli. Dau yumo kwenye daftari. Alijiandikisha Uganda, Februari 2022. Aliwataja nyote wawili."

Ayen aliketi chini pale pale kwenye tope. Akur hakuketi. Aliuliza jambo, na hilo nilielewa kabla Bona hajafungua mdomo.

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Alikuwa hai Februari 2022. Namba yake haipatikani. Zaidi ya hapo sijui."

"Nani aliweka sahihi?"

"Mimi."

"Ulijua kwamba hujui?"

Bona alinitafsiria swali hilo polepole, kana kwamba alitaka nipate muda.

"Nilidhani najua," nikasema. "Niliambiwa nisiandike. Nikaandika."

Kisha akazungumza kwa sauti ya kawaida, akitazama jembe. Bona alisita kabla ya kunitafsiria.

"Anasema kulikuwa na nguo za Dau. Shati mbili na koti. Miaka minane alikuwa akizifua kila baada ya mavuno na kuzianika, zisiliwe na nondo. Jumapili iliyopita, kwa sababu ya barua, alizipeleka kanisani zigawiwe. Zimekwisha kugawiwa. Koti amemuona nalo mtu wa kivukoni."

Nilisema samahani. Kwa Kidinka, hilo angalau nalijua. Hakulipokea wala hakulitupa. Akaingia kwenye kibanda cha kando ya shamba, akarudi na barua.

Nilinyoosha mkono kuichukua. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Wazee wamekwisha kuisoma. Ukiichukua, Jumamosi watasema mimi nimeificha. Andika hapa nyuma."

Nikaandika nyuma yake, barua juu ya paja: Barua hii ina makosa. Dau Bol Kur yumo kwenye Daftari tangu Februari 2022. Kosa ni la ofisi, na aliyelifanya ni mimi. Nikaweka jina langu lote, na Bona akaweka lake kama shahidi. Akur alimwomba Bona amsomee kwa Kidinka, mara mbili, kidole chake kikifuata mistari.

Kurudi, mvua ilitukamata nusu ya njia. Bona hakuimba.

Ijumaa, 24 Mei

Faharasa: jaribio la tatu. Mawingu, betri, giza. Kizza ameahidi kuleta mbili za kuazima.

Jumamosi, 25 Mei

Leo wazee wanakaa Rejaf. Sina habari.

Jumatatu, 27 Mei

Betri za Kizza zimefika, na jua nalo likatoka, kali, la kuchoma. Nilianza saa mbili kamili. Kwa saa saba sikugusa kitu. Saa tisa na dakika kumi ikamaliza bila kulalamika.

Dau: mia nne na sita.

Bol: elfu mbili na kitu. Kur, Gai, Lam, Mut, wote. Niliandika jina baada ya jina na watu wakawa wanatoka tu, kurasa na kurasa. Bona alivuta kiti, kile kibovu, akakaa kando yangu, akaanza kunitajia majina. Si ya kubahatisha. Yalikuwa ya watu aliowaambia mafi. Alikuwa akiyakumbuka.

Jumanne, 28 Mei

Mashine huhifadhi kila utafutaji, na kila jibu. Nimetoa maulizo yote yaliyopata "hakuna" tangu Machi mwaka jana nikayauliza upya. Mia tatu themanini na saba sasa yana jibu.

Nilipokuwa huko nikafungua pia orodha ya malalamiko ya wafanyakazi. Nilikuwa natafuta kitu kingine. Juni mwaka jana, kutoka kwa Bona: "Majina mafupi hayatoki. Tafadhali angalia." Chini yake jibu: "Nimeangalia. Hitilafu ya mtumiaji. Imefungwa." Jina la aliyefunga ni langu. Sikumbuki kabisa kuliandika. Nadhani siku hiyo nilikuwa na mambo mengi, na nilidhani ni mzee asiyejua kuchapa.

Nikaichapisha karatasi hiyo, nikaenda nayo kwa madam Loise pamoja na idadi ile. Nilimwambia nitaelewa akiniachisha kazi.

Alisoma. Akavua miwani.

"Ukiondoka, nani atawapigia watu hawa mia tatu themanini na saba?"

"Mtu yeyote anaweza kupiga simu, madam."

"Mtu yeyote atasema kulikuwa na tatizo la mtandao. Mimi nataka wasikie lilikuwa nini." Akanirudishia karatasi. "Nitaandika kwenye faili lako, hilo halikwepeki. Nami nitaandika kwenye langu, maana nakala ya malalamiko yale ilikuja kwangu. Anza na waliouliza zamani zaidi. Na Bona akae kwenye kiti kizuri."

Jumatano, 29 Mei

Nilimwomba Bona msamaha. Akasema, "Kuwes," yaani sawa, akaendelea kula karanga. Baadaye akaongeza, "Mwaka mmoja umenifanya nijione mjinga, injinia. Nilikuwa nimeanza kuamini." Kisha akanisukumia karanga.

Jumatatu, 3 Juni

Simu kumi na nne. Sita hazipatikani.

Alhamisi, 6 Juni

Mtu mmoja, Thok, nilimwambia mwanawe yumo kwenye daftari. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu mwaka 2021. Akauliza alipokuja kuuliza ilikuwa lini. Nikasema Agosti mwaka jana. Alikata simu. Baada ya saa moja akapiga, akasema, "Haya, nipe namba."

Jumanne, 11 Juni

Mvua. Simu ishirini na mbili. Mama mmoja alinibariki, mwingine alinilaani. Nimeona baraka ndiyo nzito zaidi kuibeba.

Ijumaa, 14 Juni

Ayen kaja, na bamia kikapuni kwa ajili ya Bona. Wazee walikaa tarehe ile, wakabishana hadi jua linazama. Binamu mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema hawezi kulala nyumbani kwa mtu ambaye huenda akapiga hodi. Wameahirisha mpaka baada ya mavuno.

"Akur iko vipi?" nikamuuliza, nikijikuta nasema kama yeye.

"Akur nalima," akasema. "Nalima kama mtu iko na hasira."

Alhamisi, 20 Juni

Kupitia ofisi ndugu kule Uganda, nimepata kiongozi wa mtaa wa ile kambi. Anasema anamkumbuka Dau mmoja mwenye mguu mbovu, aliyehamia upande wa pili wa kambi mwaka jana. Lakini kuna Dau wawili wenye miguu mibovu. Atauliza.

Jumatano, 26 Juni

Amepatikana.

Alipiga mwenyewe, kwa simu ya kuazima, saa tano asubuhi. Nilimuuliza jina la mama yake, jina la dada, mahali walipokuwa wakikaa Juba. Alijibu yote. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Uganda, "Nyinyi natafuta mimi kwa ubaya?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mkewe yuko Rejaf, na hajaolewa.

Nilisikia jogoo wa upande wake, na watoto wa watu wakipita.

Ijumaa, 28 Juni

Walizungumza leo ofisini kwa madam Loise, Dau upande wa pili, Akur na Ayen huku wameinamia simu moja. Mimi nilikuwepo kwa sababu simu ni yangu. Mwanzo Ayen alilia, ikawa haisikiki kitu. Akur alimsogeza kando taratibu, akaichukua simu, akaizima sauti ya nje, akaiweka sikioni. Alisikiliza zaidi ya alivyosema. Wakati mmoja alicheka ghafla, akaziba mdomo.

Alipomaliza, Ayen alimuuliza Akur, Dau kasema nini. Kidinka hiki nilikielewa chote.

"Anasema ameota mvi. Anauliza kama bado nitamtaka."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia mimi nimenyoa, hatajua zangu."

Dau hawezi safari. Mguu ulivunjika mwaka huo wa 2016, ukaunga vibaya, na barabara za sasa ni mateso hata kwa mzima. Akur ndiye atakayekwenda.

Jumatatu, 8 Julai

Simu zimebaki hamsini na moja. Bona anapiga za Kidinka na Kinuer, mimi za Kiswahili na Kiingereza. Nimeandika maelezo ya seva, kurasa kumi na moja, kila mstari na sababu yake, na Morris ameyasoma yote akasahihisha mawili. Faili ya mipangilio sasa ina nakala tatu.

Jumamosi, 20 Julai

Nilitakiwa kupumzika, lakini madam Loise alisema tufungue nusu siku. Saa tatu akaingia Akur peke yake, na begi moja na chupa ya maji. Basi la kwenda mpakani linaondoka saa tano. Nywele zimeanza kuota. Nilidhani amekuja kuaga kwa Bona. Akavuta benchi mbele yangu.

Aliongea Kidinka polepole, kwa ajili yangu, kama unavyomwongelesha mtoto au mgeni.

"Mimi sijawahi kuandikwa humo."

Ni kweli. Miaka yote hiyo alikuwa anatafuta, hakuna aliyemwambia naye aandikishwe. Kama Dau angeuliza jina lake, angejibiwa mafi, na mara hiyo mashine ingekuwa inasema kweli.

"Niandike," akasema.

Nikafungua fomu. Akur Gai Lam. Mwaka wa kuzaliwa. Jina la mama. Nikabonyeza kuhifadhi, nikamwambia tayari.

"Sasa nitafute."

Nikageuza kioo amtazame. Nikaandika Gai Lam, majina mawili mafupi, kwa makusudi, nikabonyeza. Walitoka wanne. Yeye alikuwa wa tatu. Aliweka kidole juu ya herufi, akazifuata moja moja, midomo ikitembea. Bona alikuwa amesimama nyuma yetu, hakumsaidia.

Kidole kikafika mwisho wa mstari, kwenye mahali alipo. Nilikuwa nimeandika Rejaf.

"Hapo si kweli," Akur akasema.

"Uandikwe wapi? Kambini kwa Dau?"

"Huko sijafika."

Nikamweleza, Bona akinisaidia maneno, kwamba sehemu hiyo ni orodha ya miji na kambi, lazima nichague moja. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile shambani, bila hasira, akingoja.

Nikarudi kwenye mipangilio. Ilinichukua dakika kama kumi na tano, na yeye alikaa, begi magotini, akitazama saa ya ukutani mara moja tu. Niliongeza kwenye orodha jambo jipya, nikalijaribu, nikafungua upya kumbukumbu yake, nikalichagua, nikahifadhi. Kisha nikamsomea kwa Kidinka changu.

Akur Gai Lam. Yuko njiani.

Akasema ndiyo, hivyo. Akachukua begi lake akaenda kuwahi basi.